Kabla hujazitupa slaidi zako

Mteja mmoja ameondoka akinung'unika kwamba bei yetu ya kuskani slaidi, zile picha za filamu angavu zilizo kwenye fremu ndogo, ni wizi. "Si mnaziweka kwenye skana na kubonyeza tu?" Swali hili limeturudia mara nyingi mno, basi leo tunalijibu.

Slaidi haisomwi kama karatasi. Karatasi huakisi mwanga, slaidi lazima mwanga upenye. Skana bapa, ile ya kulaza karatasi juu ya kioo, isiyo na taa kwenye kifuniko itakupa kipande cheusi tu, hata ukirudia mara ngapi. Na wenye taa hiyo nao huiacha skana kwenye nukta 300 kwa inchi, kipimo cha kuskani barua. Picha ya slaidi ya kawaida ni milimita 36 kwa 24. Kwa nukta 300 unaambulia pikseli kama 425 kwa 283, yaani kipicha ambacho hakijazi hata kioo cha simu. Kwa 2400 unapata takriban 3400 kwa 2270. Sisi hatushuki chini ya hapo. Hatukimbilii pia 6400 zinazotangazwa kwenye boksi, kwa sababu skana bapa nyingi hazioni kwa undani huo. Faili linavimba bure.

Mama mmoja alituletea faili za harusi ya wazazi wake, alizoziskani mwenyewe kwa 300. Alitaka moja ya kutundika ukutani. Tukamwomba slaidi zenyewe. Alikwisha kuzichoma, ati zilikuwa zinajaza kabati. Hatukuwa na la kumfanyia, na hadi leo linatuuma.

Kinachokula muda hasa ni vumbi. Punje usiyoiona kwa macho huwa doa picha ikikuzwa. Tunapuliza kila slaidi pande zote mbili kwa kipulizio cha mkono. Kitambaa chenye maji, hapana! Upande usiong'aa sana ndio wenye utando wa picha, na ukikwaruzika ndiyo basi. Zipo skana zinazoondoa vumbi kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, lakini kwa Kodachrome, filamu iliyouzwa kuanzia 1935 hadi 2009, mara nyingi miale hiyo hudhani sehemu za picha ni uchafu na kuzifuta. Hizo tunazisafisha kwenye kompyuta, doa kwa doa. Boksi moja la slaidi 80 lilitushika siku tatu. Bei yake iko juu na hatuipunguzi.

Ukitaka kujaribu nyumbani, anza na slaidi tano, kisha zikuze uone. Ukituletea sisi, slaidi zako utarudishiwa zote, kwa mpangilio uleule uliokuja nao.