Kisima cha barafu London nacho kingeandikwa

Mhariri,

Makala yenu ya safari ya London iligusa Big Ben, daraja la Tower na uwanja wa Arsenal. Sina ugomvi nayo. Ila mwandishi wenu alishuka kituo cha treni cha King's Cross akaipita Makumbusho ya Mifereji ya London, ambayo kutoka hapo unakwenda kwa miguu tu.

Mimi nimewauzia barafu wavuvi wa Deep Sea, Tanga, tangu ujana. Mwanangu aliponipeleka pale nilidhani ananitania. Ndani kuna shimo la matofali la kuhifadhia barafu, upana kama mita 10. Jengo hilo zamani lilikuwa ghala la barafu la Carlo Gatti, Mswisi aliyefanya biashara ya barafu na aiskrimu, nalo lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1860. Barafu ilikatwa kwenye maziwa ya Norway wakati wa baridi, ikaja kwa meli hadi bandari ya Limehouse, London, ikapakuliwa kwenye mashua za Mfereji wa Regent na kufikishwa ghalani. Umeme hakuna. Sisi tukitoa mabonge kiwandani alfajiri, adhuhuri tunakamua magunia! Wao waliirundika chini ya ardhi kwa wingi mpaka lundo lenyewe likajipoza, likayeyuka pembeni tu. Farasi wa kuisambaza mjini walilala ghorofani. Walipandishwa kwa njia ya mteremko.

Mfereji wenyewe ulikamilika 1820, kutoka Paddington hadi Limehouse, na una ngazi 12 za maji, yaani vyumba vyenye milango vya kupandishia na kushushia mashua. Mashua huingia kwenye chumba, milango ikafungwa nyuma yake, maji yakaachiwa kupitia vitundu, nayo ikashuka taratibu kama sinia linaloteremshwa kichwani. Milango hukutana kwa pembe kuelekea kwenye maji mengi, kwa hiyo maji yenyewe ndiyo yanayoibana isifunguke. Fundi aliyewaza hivyo alikuwa na akili.

Kwenye handaki la Islington, mita 878, hapakuwa na njia ya farasi wa kuvuta mashua. Wanaume walilala chali juu ya ubao na kuisukuma mashua kwa kukanyaga kuta, gizani. Pale makumbusho nikaingia pia kwenye chumba cha ndani ya mashua walichoishi wenyewe: baba, mama na watoto, mahali ambapo mimi peke yangu nilishindwa kugeuka bila kugonga jiko.

Naomba mlitengee jumba hilo ukurasa mzima, tena mwende na mpiga picha anayeweza kuchungulia shimoni.

Muuza barafu mstaafu,
Tanga