Mkono bandia usipimwe mezani tu

Mhariri,

Wanafunzi wa uhandisi wanaopelekwa kwenye mafunzo ya vitendo ya kutengeneza mikono bandia inayoongozwa na umeme wa misuli huanzishwa na kuchora vidole. Tunaona hapo ndipo mambo yanapoharibika. Vidole ndiyo sehemu rahisi. Kazi ngumu iko pale ngozi ya kigutu inapokutana na soketi, yaani kikombe cha mkono bandia ambamo kigutu huingia, na huko ndiko mwanafunzi angetakiwa kuanzia, fundi wa viungo bandia akiwa pembeni yake.

Umeme wa msuli unaonaswa juu ya ngozi ni mdogo mno, hauzidi milivolti chache, na nguvu yake kubwa ipo kati ya hezi 20 na 450. Humo humo umo mvumo wa umeme wa majengo, hezi 50 au 60. Elektrodi, yaani kipande kinachonasa umeme huo juu ya ngozi, ikishika vibaya, hakuna kichujio kitakachookoa kitu. Ngozi isafishwe kwa spiriti, elektrodi mbili zilazwe kufuata nyuzi za msuli zikiachana kama sentimita 2, ya tatu ikae juu ya mfupa. Kisha mtumiaji ainue mkono juu ya kichwa, aushushe, abebe mzigo, atoke jasho. Soketi ikiteleza kidogo tu, amri ya kufunga inaweza kusomeka kuwa ya kufungua, na kikombe kikaanguka. Mkono uliofungwa mezani hauonyeshi hata moja kati ya haya.

Mota nazo zina lake. Ikikwama kwa kubana kitu kigumu, mota huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida; volteji inashuka, kompyuta ndogo ya mkono inajizima na kuwaka upya, na mtu anabaki na vidole visivyomtii. Kila mota iwekewe kikomo cha mkondo, na kompyuta hiyo ipate njia yake ya umeme. Plastiki ya PLA, ambayo hutumika kuchapa sehemu za mkono kwa printa ya 3D, hulainika ikikaribia nyuzi 60 za Selsiasi, hivyo isiachwe ndani ya gari juani.

Tunaomba vyuo visipokee ripoti isiyo na jaribio la Box and Blocks: vipande vya mbao vya mchemraba vya sentimita 2.5 vinahamishwa kimoja kimoja kuvuka kizuizi kwa sekunde 60. Lifanywe mkono ukiwa umevaliwa, lirudiwe baada ya saa kadhaa za jasho, na kila kilichovunjika kiandikwe pamoja na sababu yake.

Wahandisi wa viungo bandia