Mgawo wa Uingereza haukuisha na vita

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa historia wa wiki iliyopita uliandika kwamba vita vilipokwisha Mei 1945, Waingereza walitupa vitabu vyao vya mgawo (vya kuponi za chakula kilichogawiwa kwa kipimo) na maduka yakajaa. Si kweli, na kosa si la tarehe peke yake. Nyama, iliyokuwa ya mwisho, ilitoka kwenye mgawo tarehe 4 Julai 1954, miaka tisa baada ya Ujerumani kusalimu amri. Mkate haukugawiwa kwa kuponi hata siku moja wakati mabomu yakiangushwa London. Uliingizwa kwenye mgawo tarehe 21 Julai 1946, wakati wa amani. Usipolieleza hilo huwezi kueleza kwa nini chama cha Labour kilichoshinda kwa kishindo mwaka 1945 kilitoka madarakani 1951, wala kwa nini matrekta yalimwagwa Kongwa, Tanganyika, kulima karanga.

Nianze na kitabu chenyewe, maana makala yenu yalikichukulia kama hati ya kupewa chakula bure. Mwenye kitabu alilipa bei kamili dukani. Kuponi ilimpa haki ya kununua, basi. Mgawo ulianza tarehe 8 Januari 1940 kwa vitu vitatu: bekoni, siagi na sukari. Kila mtu alijiandikisha kwa muuza nyama mmoja na kwa duka moja la vyakula. Mwenye duka alihesabu majina aliyonayo, akapeleka hesabu Ofisi ya Chakula ya mtaa, na kwa hesabu hiyo akapewa kibali cha kuchukua mzigo kwa muuzaji wa jumla. Mwenye wateja 300 alipata siagi ya watu 300. Mzigo ulifuata majina, haukufuata fedha, ndiyo maana tajiri hakuweza kuingia duka asilosajiliwa, akaweka noti mezani na kuondoka na siagi ya wenzake.

Siagi na sukari zilipimwa kwa wakia (wakia moja ni kama gramu 28). Siku ya kwanza mtu alipata wakia 4 za siagi na wakia 12 za sukari kwa wiki. Nyama haikupimwa kwa uzito, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Nyama iligawiwa kwa bei: mwanzoni shilingi 1 na peni 10 (shilingi moja ilikuwa peni 12) kwa mtu kwa wiki, kisha Januari 1941 ikashushwa hadi shilingi 1 na peni 2. Sababu yake ni ya buchani. Wakia 8 za mnofu na wakia 8 za ubavu wenye mifupa si kitu kimoja, na kama mgawo ungekuwa wa uzito kila mteja angedai mnofu, mifupa imbakie muuza nyama. Kwa mgawo wa bei, mama mwenye watoto alichukua nyama ya kuchemsha ikamtosha siku tatu, na asiye na watoto akachukua kipande laini cha mlo mmoja. Mtoto wa chini ya miaka sita alihesabiwa nusu. Vipindi vingine sehemu ya thamani ile ililazimishwa kuwa nyama ya kopo, upende usipende.

Vitabu vilikuwa na rangi. Cha watu wazima kilikuwa rangi ya hudhurungi hafifu. Cha kijani kilikuwa cha wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka mitano. Hao walitangulia kwenye matunda, walipata painti moja (zaidi kidogo ya nusu lita) ya maziwa kila siku na mayai maradufu. Cha buluu kilikuwa cha watoto wakubwa zaidi. Mimi naona kijani ndicho kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote, kwani vifo vya watoto wachanga vilipungua Uingereza wakati wa vita, jambo ambalo mtu hategemei kulisikia kuhusu nchi iliyokuwa inapigwa mabomu.

Vyakula vya kopo visingeweza kuendeshwa hivyo, kwa sababu havikutosha kumhakikishia kila mtu aina moja. Desemba 1941 ukaja mfumo wa pointi. Mtu alipewa pointi za kipindi cha wiki nne na kuzitumia duka lolote, kwa kitu alichotaka. Wizara ya Chakula ilibadili thamani za pointi kadiri ya shehena: samaki wa kopo wakigombaniwa pointi zao zilipanda, maharage yakilala ghalani pointi zikashuka. Lilikuwa soko kamili lenye sarafu yake, isipokuwa kila mtu alianza na kiasi kilekile mfukoni.

Mianya ilikuwepo. Samaki wabichi, soseji na matumbo hayakuwa kwenye mgawo, kwa hiyo foleni zilikuwa huko. Mikahawa nayo ililisha bila kuponi, na malalamiko yakazidi hata serikali, mwaka 1942, ikaweka kikomo cha shilingi 5 kwa mlo mmoja. Magendo hayakuisha kabisa. Lakini bidhaa za msingi hazikukosekana kaunta, na hilo ndilo lililoupa mfumo heshima: kuponi yako ilikuwa na kitu nyuma yake.

Sasa twende baada ya vita, ambako makala yenu yalipita mbio. Uingereza ilikula na kupigana kwa mpango wa Marekani wa Lend-Lease, bidhaa bila kulipa taslimu. Agosti 1945, siku chache baada ya Japani kushindwa, Rais Truman aliukata. Nchi ilikuwa imekwishauza sehemu kubwa ya rasilimali zake za ng'ambo, mauzo yake ya nje yalikuwa yameporomoka, na ngano, mafuta ya kula, tumbaku na mashine vilikuwa vinauzwa kwa dola. Mchumi John Maynard Keynes alikwenda Washington kuomba msaada na kurudi na mkopo: dola bilioni 3.75 kwa riba ya asilimia 2, kulipwa kwa mafungu 50 ya mwaka. Mkataba ulitiwa saini Desemba 1945, na fungu la mwisho lililipwa mwishoni mwa 2006. Vita vilikwisha, dola zikakosekana. Mgawo uliobaki ulikuwa mgawo wa dola uliovaa nguo za chakula.

Jikoni hilo lilionekana mapema 1946. Mayai ya unga kutoka Marekani, pakiti moja sawa na mayai kumi na mawili, yalikuwa yamewavusha watu miaka ya vita. Waziri wa Chakula, Ben Smith, akatangaza kwamba hayataagizwa tena kwa kukosa dola, na akina mama wakapiga kelele hadi serikali ikarudi nyuma kwa muda. Kisha mkate. Mavuno ya dunia yalikuwa mabaya, India ilikuwa ukingoni mwa njaa, na Uingereza ililazimika kuwalisha pia Wajerumani wa eneo ililokuwa inalitawala. Mei 1946 waziri mwenzake, Herbert Morrison, alikwenda Washington na kukubali Uingereza iachie tani 200,000 za ngano. Unga ukasagwa mpaka asilimia 90 ya punje ikaingia ndani, pamoja na sehemu ya pumba, mkate ukawa wa kijivu. Mkate mkubwa ukapunguzwa kutoka ratili 2 (ratili moja ni kama gramu 450) hadi ratili 1 na robo tatu, bei ileile. Mwishowe John Strachey, aliyempokea Smith wizara, akaleta kuponi za mkate zilizohesabiwa kwa vizio: mtu mzima wa kawaida alipata vizio 9 kwa wiki, mwanamume wa kazi za nguvu 15, na mkate mkubwa ulikula vizio 4. Yaani mtu wa ofisini alipata mikate miwili mikubwa na kizio kimoja juu. Kwa maoni yangu hatua hii iliiokoa ngano kidogo na kuitia serikali doa kubwa. Vizio vilivyobaki viliruhusiwa kubadilishwa na pointi, kwa hiyo aliyekuwa anakula mkate kidogo alichukua kuponi zake zote hata hivyo. Mgawo wa mkate ulifutwa Julai 1948.

Mwaka 1947 ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Baridi kali ya Januari hadi Machi iliziba reli kwa theluji, makaa yakakwama migodini, umeme ukakatwa, na zaidi ya watu milioni mbili wakakaa bila kazi kwa wiki kadhaa. Viazi vilivyoganda ardhini vilioza, na kabla mwaka haujaisha viazi navyo vikawekewa mgawo wa ratili 3 kwa wiki. Halafu pesa: masharti ya mkopo yalidai pauni iweze kubadilishwa kwa dola kwa uhuru, na hilo lilianza tarehe 15 Julai. Kila aliyekuwa na pauni alikimbilia dola. Tarehe 20 Agosti serikali ilifunga mlango, baada ya wiki tano tu. Hugh Dalton, Waziri wa Fedha, alikuwa ameshapandisha ushuru wa tumbaku Aprili hata pakiti ya sigara 20 ikaruka kutoka shilingi 2 na peni 4 hadi shilingi 3 na peni 4, si kwa ajili ya afya ya mtu bali kuokoa dola zilizonunulia tumbaku ya Virginia, Marekani.

Hapa ndipo sisi tunapoingia, na makala yenu hayakutugusa kabisa. Mkonge wa Tanganyika na mazao mengine ya makoloni yaliyouzwa Marekani yalileta dola. Dola hizo ziliingia mfuko wa pamoja London, na koloni likaandikiwa pauni. Pauni iliposhushwa Septemba 1949 kutoka dola 4.03 hadi 2.80, shilingi ya Afrika Mashariki ilishuka nayo siku hiyohiyo, maana ilifungwa kwa pauni, 20 kwa moja. Hakuna aliyemuuliza mkulima.

Mradi wa karanga nao ulikuwa mtoto wa mgawo wa majarini. Mafuta ya kula yalikuwa haba dunia nzima, na karanga za Tanganyika zingenunuliwa kwa pauni. Strachey yuleyule wa kuponi za mkate ndiye aliyeusimamia. Mpango ulilenga ekari milioni 3.25 kwa takriban pauni milioni 25: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikuwa mabaki ya jeshi, mengine vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa, na yaliharibika haraka kuliko vipuri vilivyofika kwa reli ya njia moja kutoka Dar es Salaam. Lakini hata yangekuwa mapya, udongo wa Kongwa ungeyashinda. Karanga hutoa ua juu, kisha kikonyo chake huinama na kuzama ardhini, na ganda hukua huko chini. Hiyo inataka udongo tifutifu. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na kiangazi hukauka kama sakafu ya saruji: vikonyo havizami vizuri, na wakati wa kung'oa shina linatoka mkononi karanga zikibaki chini. Mvua nazo huko ni za kubahatisha. Mradi ulifutwa Januari 1951, pauni milioni 36.5 zikiandikwa hasara. Wagogo, wenyeji wa huko, wangeweza kuyasema yote hayo bure.

Wapo wanaodai Labour iliendeleza mgawo kwa kuupenda tu. Jaribio la peremende linajibu. Aprili 1949 serikali iliziachia huru. Watu wakanunua kupita kiasi kilichokuwepo, maduka yakakauka, na Agosti kuponi zikarudi hadi Februari 1953. Ila nakubali kwamba Stafford Cripps aliyemfuata Dalton aliona mgawo kama chombo: kinachozuiwa nyumbani kinauzwa nje. Na wapiga kura walichoka. Mapema 1951, baada ya mvutano wa bei na Argentina, mgawo wa nyama ulishuka hadi peni 8 kwa wiki, chini ya kiwango chochote cha wakati wa vita. Miezi hiyohiyo silaha za vita vya Korea zililazimisha watu walipie meno ya bandia na miwani katika huduma ya afya iliyokuwa bure tangu Julai 1948, na Aneurin Bevan, aliyeijenga, akajiuzulu. Uchaguzi wa Oktoba 1951 Labour ilipata kura nyingi kuliko Conservative, karibu milioni 13.9 dhidi ya 13.7, lakini viti 295 dhidi ya 321. Churchill, kiongozi wa Conservative, alirudi akiahidi nyama. Naye ilimchukua karibu miaka mitatu kuitimiza.

Naomba basi sahihisho lichapwe ukurasa uleule, na tarehe ya mwisho wa mgawo isomeke 4 Julai 1954, si Mei 1945.

Msomaji wenu,
Dodoma