Harambee ya Viatu vya Mieleka na Kibali cha Kocha Wetu

Ndugu wapendwa katika Bwana, wazazi na marafiki wa ushirika wetu wa Kiswahili hapa Waterloo, Iowa,

Msimu wa mieleka katika shule za sekondari unaanza Novemba, na safari hii watoto wetu kumi na wanne wamejiandikisha, wanne kati yao wakiwa wasichana. Hii si ile mieleka ya runinga ya kupigana viti, bali ni mchezo wenye mizani ya kupimia uzito wa wachezaji, mwamuzi na sheria, na heshima yake katika jimbo hili haipungui ile ya mpira wa miguu kule Bukavu au Kigoma.

Huenda wengi wenu hamjapata kumsikia mwanamieleka Bill Smith. Alisoma katika chuo cha ualimu cha Cedar Falls, jirani zetu kabisa, ambacho leo ni University of Northern Iowa. Katika uzito wa pauni 165, yaani karibu kilo 75, alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1949, akarudia mwaka 1950 mashindano yalipofanyika hapo hapo Cedar Falls na chuo chake kikatwaa ubingwa wa timu. Mwaka 1952 alipata dhahabu ya Olimpiki mjini Helsinki. Mtu wa namna hiyo angeweza kuishi kwa sifa zake tu, lakini alikwenda Concord, California, akawa kocha wa vijana wa Clayton Valley High School kwa miaka mingi, na sisi twaona kazi hiyo ilizidi medali.

Nasi tunaye kijana wetu aliyecheza mieleka chuoni, na ambaye amejitolea kuwa kocha msaidizi bila malipo. Hata hivyo, sheria ya Iowa inamtaka kwanza asome kozi na kupata kibali cha ukocha, na ada hana, kwa kuwa mshahara wake wa kiwanda cha nyama unalisha nyumba ya watu saba. Jumapili iliyopita, juu ya mablanketi yaliyotandikwa katika chumba cha chini cha kanisa, alikuwa akiwaonyesha watoto namna ya kuudaka mguu wa mpinzani bila kuinamisha kichwa, na mmoja wao alikuwa amevaa viatu vya kaka yake, soli imefungwa kwa utepe wa gundi.

Tunahitaji dola 1,500 kwa ajili ya ada hiyo, viatu laini vya mieleka, na kinga za masikio, kwa maana sikio linalosuguliwa kila siku huvimba na kukakamaa. Mama mmoja ameuliza kuhusu hatari, na ni haki yake, maana hata Yakobo wa Biblia, baada ya kushindana mweleka usiku kucha, aliondoka Penieli akichechemea. Ndiyo sababu kila mtoto atapimwa na daktari kabla ya kuanza mazoezi.

Mhazini atapokea bahasha baada ya ibada katika Jumapili mbili zijazo, na kila mtoaji atapewa risiti. Aliye na viatu ambavyo vimekuwa vidogo kwa mwanawe avilete pia, hata kama havina kamba.