Rangi itangulie kigumishi

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wanaojitengenezea mbao za kuteleza mawimbini kwamba rangi za tinti na za pigmenti si kitu kimoja, kwani tinti hupitisha mwanga na kuuanika kila mkwaruzo ulioachwa na msasa kwenye foma (kiini chepesi cha ubao), ilhali pigmenti huuficha. Rangi ikorogwe ndani ya rezini (majimaji yanayoganda kuwa gamba la ubao) kabla ya kutia kigumishi, yaani dawa ya kuigandisha, tena ichanganywe kwa mkupuo mmoja ya kutosha upande mzima, kwa kuwa ni nadra kopo la pili kufanana na la kwanza. Mimi niliishiwa na mchanganyiko karibu na mkia wa ubao, na ule mstari wa buluu iliyopauka unaniuma hadi leo. Wala rangi isizidi, maana rezini huchelewa kuganda na huenda ikabaki laini.