Jaji wa Texas hakuruhusu chochote kipya

Mhariri, salamu na pole na kazi. Naomba nafasi kidogo, ile habari yenu ya bunduki Marekani imenikera.

Mmeandika kwamba jaji wa Texas "ameruhusu bunduki kuuzwa bila ukaguzi". Jamani! Alichofanya ni kuzuia kanuni iliyoeleza nani ahesabiwe mfanyabiashara wa bunduki. Kwa sheria ya serikali kuu kule, watu binafsi wa jimbo moja kuuziana bunduki bila kukaguliwa rekodi ni jambo la siku zote. Sheria ya Brady ya 1993, ya kukagua wanunuzi, iliwabana wenye leseni ya kuuza bunduki tu, yaani ukinunua dukani unajaza fomu namba 4473, muuzaji anauliza FBI, polisi wa upelelezi wa serikali kuu, kama unaruhusiwa, mara nyingi jibu linarudi dakika hizohizo. Asiye mfanyabiashara hayumo. California na wengine wameziba wenyewe huo mwanya, Texas haijaziba.

Mi naishi Texas mwaka wa tisa sasa, na nimeshaingia kwenye maonyesho ya bunduki, kushangaa tu. Ukumbi mkubwa, meza mpaka mlangoni. Meza hii jamaa kabandika leseni yake, ana mafomu na simu, meza ya pili mzee kapanga bunduki sita juu ya blanketi na kikaratasi cha kuandika kwa mkono kwamba ni mali yake binafsi. Kijana akaja, akashika bastola, akaonesha kitambulisho cha Texas, akahesabu noti, akaondoka nayo. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo, kama kweli ni mali ya mzee. Ila baada ya miezi kadhaa nikamkuta tena yuleyule, blanketi lilelile, bunduki zingine kabisa na mbili bado ziko kwenye maboksi ya kiwandani. Sasa huyu anapunguza vitu vya nyumbani au ana duka?

Kesi nzima iko kwenye hilo swali. Baada ya mauaji ya shuleni Uvalde, Texas, Bunge lao lilibadilisha maneno mwaka 2022: zamani mfanyabiashara wa bunduki, anayelazimika kuwa na leseni, alikuwa anayeuza kwa lengo la riziki na faida, sasa inatosha lengo kubwa liwe faida. Afu Aprili 2024 ATF, ile idara inayosimamia bunduki, ikatoa kanuni yenye dalili za kumtambua, mfano anayerudia kununua na kuuza ndani ya siku 30, au anayeuza mara kwa mara bunduki mpya zikiwa na boksi lake. Idadi ya bunduki haikutajwa. Serikali ya Biden ilisema watu zaidi ya 20,000 wanauza bila leseni.

Texas, Louisiana, Mississippi na Utah pamoja na vyama vya wamiliki wakakimbilia mahakamani Amarillo, Texas, na Jaji Matthew Kacsmaryk akaizuia kanuni hiyo siku moja tu kabla haijaanza tarehe 20 Mei 2024. Aliizuia kwa waliolalamika, sio nchi nzima, na hilo hamkuandika. Hoja yake kubwa ni kwamba zile dalili zinamfanya muuzaji ndio ajitetee kwamba yeye si mfanyabiashara, wakati kazi ya kuthibitisha ni ya serikali.

Na hapo mi nakubaliana nae, ingawa mke wangu hataki hata kunisikia. Bunge lilikwepa kutaja namba, ikabidi idara ibahatishe, na idara ikibahatisha mawakili wanakula. Ila wanaosema kanuni haikuwa na maana nao waulizwe kuhusu mauaji ya risasi ya Odessa, hapahapa Texas, 2019. Muuaji alishakataliwa dukani 2014 kwa sababu ya rekodi, akaenda kununua kwa mtu anayeuza bila leseni, watu 7 wakafa. Yule muuzaji alifungwa miaka 2, tena kwa maneno yaleyale ya zamani kabla ya mabadiliko. Alishikwa baada ya mazishi. Na leseni yenyewe ni dola 200 kwa miaka 3, yule mzee wangu wa blanketi anarudisha hela hiyo kwa bastola moja.

Jingine mlilosahau, Aprili 2025 ATF yenyewe ilitangaza kuwa inaipitia upya hiyo kanuni kwa agizo la serikali ya Trump, kwahiyo aliyeitunga na anayetaka kuilegeza ni idara ileile moja. Mkiandika tena anzieni hapo, na lile neno "ameruhusu" mlifute.

Msomaji wenu, Texas