Mpwa wangu, usitazame bendera, tazama tawi liko wapi

Mpwa wangu,

Unasema CCM ni chama cha wakulima na wafanyakazi kwa kuwa jembe na nyundo zimo kwenye bendera. Bendera haitoshi. Angalia wanachama wanakutania wapi, na ni nani anayeweza kupanda kutoka kazini hadi uongozini.

Zamani mfanyakazi alikuwa na ngazi yake. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa 1955, lilikuwa na nguvu zake lenyewe. Rashidi Kawawa alitoka kwenye ukatibu mkuu wake, akafika uwaziri mkuu 1962. Baada ya maasi ya wanajeshi Januari 1964, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Baadaye JUWATA, iliyochukua nafasi ya NUTA, ikawa jumuiya ya CCM. Wafanyakazi walikuwa ndani ya chama kabisa, lakini uwezo wa kukigomea ulikuwa umekwenda.

Mabadiliko makubwa zaidi ni ya 1992, na inanisikitisha kwamba hayazungumzwi. Sheria ya Vyama vya Siasa ilipiga marufuku matawi ya chama mahali pa kazi. Nia ilikuwa njema, maana mwajiri au bosi wa shirika hakupaswa kumlazimisha mtu kuchukua kadi ya chama. Ila tawi likabaki mtaani peke yake. Kaa kwenye kikao cha tawi Manzese au Mbagala: fundi wa kiwandani, mama lishe, dereva wa bodaboda na mwenye nyumba anayewapangisha wote wako benchi moja. Suala la zamu au mshahara utalileta vipi hapo? Ajenda ni mtaro, maji, taa za barabarani.

Mwaka mmoja kabla, Azimio la Zanzibar la CCM lilikuwa limelegeza masharti ya Azimio la Arusha la 1967 yaliyomkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Mfanyabiashara akapata njia ya kuingia uongozini.

Wapinzani nao wasikudanganye. Mwaka 2015 walichukua majimbo 6 kati ya 10 ya Dar, bila kuwa na uhusiano rasmi na chama chochote cha wafanyakazi.

Kwa hiyo fanya hivi: chukua majina ya kamati ya siasa ya tawi lako, andika kazi ya kila mjumbe. Pembeni andika kazi za waliochukua fomu za ubunge jimboni, kisha linganisha.